Sehemu Yake Ng'ambo ya Kijito

"Mama Oliva, hiyo miti utaivuna ukiwa na miaka mingapi?"

Bi Ashura aliniuliza hivyo akiwa upande wake wa ua, mimi nikiwa upande wangu naanua nguo. Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, siku chache baada ya kutoa akiba yangu yote kwenye chama cha kuweka na kukopa na kununua eka nne za misindano huko juu, upande wa Wino. Nilikuwa nimempa habari ile kwa furaha, kama mtu anavyomwambia jirani kwamba binti yake amefaulu.

Nikapiga hesabu kimya kimya. Hamsini na saba, ongeza kumi na tano, na hapo kama mvua ni nzuri.

"Mungu akinijalia," nikasema.

"Inshallah akujalie. Mimi hata khanga nikinunua naivaa siku hiyo hiyo, siiweki sandukuni." Akacheka, akaendelea kupepeta mchele wake wa vitumbua.

Nilimchukia, sitaficha. Niliingia ndani na nguo zangu kifuani nikajisemea kwamba yule anahesabu faida ya asubuhi mpaka mchana, atajuaje mambo ya miaka. Tena hakujua uamuzi ule ulivyofikiwa. Mimi miti sikuichagua kwa akili yangu. Niliisalia siku tisa, pamoja na rafiki yangu Fortunata.

Niseme kwanza Fortunata ni nani kwangu. Mume wangu Rupert alipofariki, sasa ni miaka kumi na miwili, Fortunata alilala nami mkekani tangu siku ya mazishi mpaka tulipoanua matanga. Naye alikuwa mjane, alijua. Nikiamka usiku nalia, haniambii nyamaza. Ananishika mguu tu, basi, mpaka nashikwa na usingizi. Asubuhi ananinywesha uji kama mtoto. Tangu hapo tukawa dada. Jumuiya yetu moja hapa Mfaranyaki, kitenge cha akina mama wa parokia tulishona kwa fundi mmoja, na yeye ndiye anayeanzisha nyimbo kwa sababu sauti yake haitetemeki.

Kazi zetu pia zilikuwa zinakwisha pamoja. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya bweni, alistaafu mwaka mmoja na nusu uliopita. Mimi ni mfuaji katika hospitali ya misheni, mwaka wa thelathini na mbili huu, na Desemba natimiza sitini.

Kazini kwetu waliobakiza miaka mitatu huitwa kwenye mafunzo. Zamu yangu ilipofika alikuja bwana mmoja wa benki, amevaa tai, akatuonyesha picha ukutani. Alisema fedha ya uzeeni isikae yote mahali pamoja, na ile utakayoihitaji karibuni usiifunge mahali pa mbali. Akataja hatifungani za serikali, kwamba unaikopesha serikali nayo inakulipa faida mara mbili kwa mwaka. Akataja vyumba vya kupangisha, kununua mahindi wakati wa mavuno na kuuza Januari, na mwisho miti. Mimi niliishia darasa la saba lakini mwandiko wangu ni mzuri. Niliandika yote kwenye daftari nikampelekea Fortunata.

Alisoma amesimama jikoni kwake, mwiko mkononi.

"Hatifungani. Huyu ni mnyama gani?"

"Ni deni la serikali."

"Serikali nayo inadaiwa na wewe mfua shuka? Haya. Vyumba vya kupangisha. Dada, utagombana na wapangaji mpaka wakuzike wao wenyewe, na kodi hawajalipa. Mahindi yanataka ghala na dawa, na panya nao wanataka kula." Akafika kwenye miti, akaweka mwiko chini. "Miti haiugui malaria. Haikopi. Haikuombi uisubirie mpaka mwisho wa mwezi. Unalala, yenyewe inakua."

"Lakini ni miaka mingi."

"Basi tusiamue sisi. Tumwachie Mtakatifu Yosefu. Yeye alikuwa seremala, anajua mbao."

Tulicheka, lakini novena tukaifanya. Siku tisa, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu, mbele ya picha ya Familia Takatifu aliyoitundika Rupert. Tulikubaliana kwamba siku ya nane kila mmoja aandike kwake, peke yake, lile alilosukumwa moyoni, na siku ya tisa karatasi ziwekwe ndani ya Biblia, tusali, ndipo tufungue. Zikifanana, hayo ni mapenzi ya Mungu. Zikitofautiana, tungeendelea kusali.

Siku ya tisa alifungua yangu, mimi nikafungua yake. Yangu iliandikwa *miti*. Yake iliandikwa *miti*. Nililia. Fortunata akaanzisha wimbo wa shukrani, na Bi Ashura kule uani akauliza kuna harusi gani.

Wiki iliyofuata tulipanda basi la njia ya Njombe, tukashuka, tukamalizia kwa bodaboda. Tulipokewa na msimamizi wa shamba la kikundi kinachouza miti kwa eka, kile alichonitajia Fortunata, anaitwa Urban, mtu wa maneno machache na buti za mpira. Kulikuwa na ukungu. Alinipimia eka zangu, akanionyesha miche ilivyopangwa, nikaweka sahihi. Fortunata alikuwa kando yangu amejifunika khanga kichwani kwa baridi. Akanyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Yangu ni ile, ng'ambo ya kijito. Nilitangulia wiki iliyopita. Tutakuwa majirani hata huku."

Nilitazama. Niliona ukungu na kitu cha kijani. Nilitaka tuvuke tukaone, akasema gogo la kuvukia limeoza, na maji ya huku yanakata miguu. Sikuvuka.

Ndipo siku chache baadaye Bi Ashura akaniuliza swali lile.

Mwaka wa kwanza kikundi kiliajiri vibarua wa kufyeka njia ya moto. Njia ya moto ni ukanda unaosafishwa kuzunguka miti kabla ya kiangazi kukolea, usibaki hata unyasi, ili moto wa watu wanaochoma mashamba ukifika hapo ufe. Mwaka huu, mwezi wa sita, tulipata ujumbe kwenye simu kwamba fedha ya vibarua imekwisha. Kila mwenye miti aje mwenyewe au atume mtu, afyeke hatua zake kulingana na eka zake. Asiyekuja, miti yake ikiungua, asidai.

Nilimwendea Fortunata na simu mkononi. Alikuwa amekaa barazani, mguu wa kulia juu ya kigoda.

"Umevimba tangu Jumapili," akasema. "Hata misa nimesali kwa redio. Nitatafuta kijana nimlipe, wewe nenda, dada, usiniwazie mimi."

Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa. Nilisikitika. Njiani kurudi nikawaza: huyu alinishika mguu wangu siku zile za msiba, mimi nishindwe kumfyekea nyasi? Nikaamua nitakwenda siku ya kwanza nifyeke zangu, ya pili nifyeke zake. Sikumwambia. Sadaka haitangazwi. Niliomba ruhusa ya siku tatu kazini, nikanoa fyekeo, nikapanda basi.

Julai kule juu ni baridi ya kutoa machozi. Tulikuwa watu kama thelathini. Urban alishika daftari, anaita jina, anakupeleka kwenye vijiti vyako viwili, kutoka hapa mpaka pale ni kwako. Nilifyeka siku nzima. Nikalala kwa mama mmoja anayekaribisha wageni wa shamba, viganja vinawaka moto. Asubuhi wenzangu waliomaliza wakaanza kufunga mizigo, mimi nikamfuata Urban.

"Mwanangu, nionyeshe na hatua za mwenzangu. Anaumwa. Nataka nimmalizie."

"Jina?"

Nikamtajia Fortunata jina lake na la baba yake.

Hakufungua daftari. Alinitazama kwanza.

"Yule mama wa Mfaranyaki? Anayeimba?"

"Ndiye."

"Mama, yule hana mti hapa."

"Anazo eka ng'ambo ya kijito. Labda zimeandikwa kwa jina la mwanawe, Erasmus."

"Ng'ambo ya kijito si kwetu. Kule ni maharage ya Mzee Saimon, tangu enzi za baba yake." Alisema kwa sauti ya chini, naona alitaka kunisitiri. "Yule ni mleta watu. Kila eka anayouza, kikundi kinampa chake. Nilidhani mnajua."

Karibu yetu alikuwepo mama mmoja wa Mshangano, Leticia, tunasali naye parokia moja, anafunga fyekeo lake kwa gunia. Akasimama wima.

"Si kweli. Mimi mwenyewe alinionyesha yake. Ile pale ng'ambo."

"Na mimi," akasema mwingine nyuma yake.

Wa tatu alikaa chini kwenye nyasi zilizofyekwa. Baadaye Leticia akamuuliza, "Na wewe mlisali naye?" Akaitikia kwa kichwa. "Siku tisa?" Akaitikia tena.

Nilivuka kijito. Gogo la kuvukia lilikuwa zima, gumu, limechongwa hata mahali pa kushika. Upande wa pili yalikuwa maharage, yamekwisha kung'olewa, maganda yamerundikwa pembeni. Nilisimama pale na fyekeo langu, nikatazama miti yangu kutoka upande ule. Ilikuwa imefika kiunoni. Miti haina kosa, inakua vizuri. Urban aliniambia ukweli wote nilipomuuliza: nikitaka kuiuza sasa, michanga vile, nitapata robo ya nilichotoa, na huyo mnunuzi atafutwe kwanza. Basi iliyobaki ni ya Oliva na watoto wake. Mimi nilikuwa natafuta chakula cha uzee wangu, nimewawekea wajukuu mbao.

Niliporudi sikwenda kwa Fortunata. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilichukua bodaboda mpaka Mshangano. Kuna nyumba kule, vyumba vinne na bati la bluu, ambayo mwaka jana alitualika jumuiya twende kuibariki. Alisema ni ya mtoto wa kaka yake, Edmund. Mimi ndiye niliyebeba ndoo ya maji ya baraka. Nikabisha mlango wa kwanza, akatoka binti anamenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nauliza chumba, mwanangu. Mwenye nyumba ni nani?"

"Mama Fortunata, wa Mfaranyaki. Vimejaa, lakini mwulize mwenyewe, kuna anayehama. Hana shida, akishapokea ya miezi mitatu hakusumbui."

Nikamshukuru. Nikatembea kwa miguu mpaka lami, sikutaka mtu wa bodaboda aone uso wangu.

Kunificha nyumba ningemsamehe. Watu huficha mali, wana ndugu. Hata kupewa chake kwa kila eka, mtu ana shida, alikuwa anastaafu kama mimi. Lililoniondolea usingizi ni zile karatasi. Nilizikumbuka zile siku tisa moja moja. Kila siku tukimaliza sala hakuondoka. Alikaa akanywa chai, akaongea habari ya miti: fulani kajenga kwa miti, fulani kasomesha kwa miti. Mpaka siku ya nane nilikuwa sina neno jingine la kuandika. Na yeye lake lilikuwa limeandikwa hata kabla hatujawasha mshumaa. Aliacha nilie, akaanzisha wimbo. Aliweka mkono wake mahali pa Mungu nami nikaubusu.

Niliyemweleza yote ni Bi Ashura. Nilivuka ua nikakaa jikoni kwake, nikasema mpaka mwisho. Nilingoja anicheke.

"Mimi niliuliza tu," akasema. Akanimiminia chai. "Ule mkupuo wako wa kustaafu umeshatoka?"

"Januari au Februari."

"Na lile daftari la yule bwana wa tai, unalo?"

Ninalo. Nililitafuta, nikasoma upya mwandiko wangu mwenyewe, na siku iliyofuata saa ya mapumziko nikaenda benki na maswali sita nimeyaandika kwenye karatasi. Nilitoka nimeamua. Mkupuo ukitoka, sehemu kubwa itakwenda kwenye hatifungani, nile faida kila miezi sita. Kidogo nitanunulia mahindi mwezi wa saba, na kidogo kikae mahali nikiugua nikifikie. Sikusali siku tisa kwa hilo. Nilisali mara moja, nikiwa kwenye foleni.

Mwezi wa nane Fortunata akaja. Alikuwa anachechemea kidogo.

"Dada, habari njema. Kikundi kimefungua shamba jipya, na sisi wa mwanzo tunapewa bei ile ile ya zamani. Lakini lazima kujiandikisha mapema. Mkupuo wako ukitoka tu, unakuta nafasi yako inakungoja."

Nilikuwa napiga pasi. Sikuinua uso.

"Wewe utaongeza?"

"Nimeshaandikisha. Lakini sikuambii ufanye kwa kunitazama mimi. Tusali tena. Novena, kama ile."

Mwenye kusoma hapa atajiuliza kwa nini sikumfukuza. Mimi ni mfuaji. Shuka ikija na damu iliyokauka, mgeni wa kazi hukimbilia maji ya moto. Akishaimwagia, doa limekaa milele. Unaanza na maji ya baridi, unaloweka, unasubiri. Niliwaza kwamba siku tisa ni nyingi. Mtu akikaa siku tisa mbele ya picha ile, na mimi niko kando yake, huenda Mungu akamfungua kinywa. Nilitaka aniambie mwenyewe. Fedha ya akiba yangu ilikuwa imekwenda. Sikutaka na dada aende.

"Haya," nikasema. "Tusali."

Na nilisali kweli, Mungu ni shahidi. Siku ya tatu nilimuuliza mguu. Akasema mguu wa uzee, leo huku kesho kule. Siku ya tano ilikuwa zamu yangu kuchagua somo, nikasoma pale Zakayo anaposema atarudisha mara nne. Fortunata akasema Zakayo alikuwa mfupi, ndiyo maana alipanda mti, unaona hata yeye miti ilimwokoa. Akacheka. Zamani ningecheka naye.

Siku ya sita nikakaribia zaidi.

"Njia yako ya moto ilifyekwa na nani, dada?"

"Nilimlipa kijana mmoja, mchapakazi sana. Urban amemsifu kwenye simu, anasema ng'ambo ya kijito pamekuwa kama uwanja wa mpira."

Nikamtazama machoni. Hayakupepesa. Yalikuwa yale yale yaliyonitazama mkekani.

Siku ya nane aliniletea togwa kwenye chupa, ya moto bado, kwa sababu alisikia nakohoa. Akanifunga khanga shingoni vizuri, akanipiga bega. "Usife kabla ya miti yako," akasema. Afadhali angenitukana. Usiku ule niliandika karatasi mbili. Moja niliiacha tupu, nikaikunja. Nyingine niliandika. Nilipanga kwamba akisema, hata neno moja, hata mlangoni, nitaweka ile tupu, na nyingine niichome jikoni asiione kamwe.

Siku ya tisa alikuja mapema. Nilimkalisha, nikamuuliza kama ana neno la kuniambia kabla hatujaanza.

"Neno gani? Tusali, giza linaingia na mguu huu."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaweka karatasi ndani ya Biblia. Akaweka yake. Tukasali mafungu yote, litania yote. Sauti yake haikutetemeka. Tulipomaliza nikafungua ya kwake. *Miti.* Nikaiweka mezani mbele yake.

Naye akafungua yangu. Alikuwa ameanza kutabasamu kabla ya kuisoma. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, kwa sababu anasahau miwani:

*Julai nilikwenda kukufyekea sehemu yako, maana unaumwa. Nilivuka kijito. Nikakuta maharage ya Mzee Saimon.*

Aliisoma. Akairudia, midomo inacheza. Kule uani kwa Bi Ashura mtu alikuwa anatwanga, kinu kinasikika, halafu kikanyamaza.

"Nimekungoja siku tisa, dada," nikasema. "Ungeniambia tu."

Alifungua kinywa. Nikangoja. Nilikuwa bado nangoja, hata pale. Akakifunga. Akaikunja karatasi yangu kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha ndani ya Biblia, na ile yake ya mezani akaichukua akaibana kiganjani. Akainuka, akajitanda khanga yake. Mlangoni akainama akavaa kandambili, moja, halafu nyingine, hakushika ukuta. Akapita chini ya kamba yangu ya nguo, akafungua mlango wa ua, akashika njia ya kwake, anatembea haraka, wala hachechemei.